Rangi Zitokazo katika Mabaki ya Uyoga: Nasaha kwa Wakulima na Mafundi wa Bukoba na Muleba

Mkulima wa uyoga akishavuna mkupuo wa tatu, na mifuko aliyoitundika bandani ikaanza kusinyaa na kugeuka rangi ya majivu, aghalabu huihesabu kazi kuwa imekwisha, akaibeba mifuko hiyo nyuma ya nyumba na kuimwaga shinani mwa migomba, asifikiri tena habari yake. Kuimwaga huko si kosa, maana kibanja cha Mhaya kimeishi miaka mingi kwa kurudishiwa kilichotoka ndani yake. Walakini kati ya banda na shina la mgomba pana faida moja inayorukwa, nayo ni rangi ya kutilia nguo, ukili na nyuzi za mgomba. Nimekusudia kueleza jinsi ya kuipata faida hiyo, na kwa gharama gani, na mahali pa kukomea, kwa kuwa ushauri usiotaja mipaka ya jambo huweza kumtia mtu hasarani kuliko kumwacha asiambiwe neno.

Na mpaka wa kwanza niutaje mapema. Uyoga unaooteshwa katika mabanda yetu ya Bukoba na Muleba ni ule mweupe au wa kijivu uitwao mamama, ambao hauna rangi kali ndani yake, na yeyote atakayeahidiwa nyekundu ya damu au zambarau kutokana na mabaki yake amedanganywa. Rangi kali za ukoo wa kuvu zipo duniani, ila zatoka kwa aina nyingine. Katika karne ya 19 pwani yetu, tangu Barawa hata Zanzibar, ilisafirisha malele kwenda Ulaya, yaani ile kuvu iishiyo pamoja na mwani juu ya miti na mawe, ambayo ikilowekwa siku nyingi katika mkojo uliochacha hutoa zambarau nzuri. Biashara hiyo ikafifia baada ya Mwingereza William Perkin kugundua rangi ya zambarau ya maabara mwaka 1856, na wenye viwanda wakafuata njia iliyo rahisi. Zaidi ya karne moja baadaye, huko Mendocino katika jimbo la California, Miriam Rice alianza kujaribu uyoga wa mwituni mmoja baada ya mwingine juu ya sufu, akatoa kitabu mwaka 1974, na kutokana na kazi yake wakapatikana watu wengi, hasa katika nchi za kaskazini ya Ulaya, wanaotia nguo rangi kwa uyoga wa misituni: nyekundu, manjano, kijani na hudhurungi. Miongoni mwa aina walizozitumia imo ile iotayo chini ya mikaratusi na misonobari, yenye umbo la rungu lililojaa vumbi la kahawia, ambayo hutoa hudhurungi nzito. Na kwa kuwa miti hiyo imepandwa kwa wingi mkoani Kagera, fundi mwenye macho makini ana sababu ya kutazama chini anapopita. Lakini hiyo si taka ya shamba, wala haipatikani kila siku, nami sitaki kumpeleka mkulima msituni kuokota asichokijua. Tubaki bandani.

Swali ni hili: ikiwa uyoga wenyewe hauna rangi kali, rangi inatoka wapi? Inatoka katika chakula chake. Uyoga wa mamama huoteshwa juu ya vimeng'enywa, yaani masalia ya mimea yaliyokatwakatwa, yakachemshwa au kufukizwa mvuke, kisha yakapandwa mbegu ya uyoga; na katika nchi hii ya Buhaya masalia yaliyo karibu ni majani makavu ya migomba, maranda ya mbao na maganda ya kahawa. Kahawa yetu iliyo nyingi ni robusta, ambayo huanikwa pamoja na ganda lake mpaka ikauke kabisa, ndipo hupelekwa kukobolewa. Kwa hiyo katika kila mashine ya kukoboa, kuanzia zile ndogo za Kamachumu na Nshamba hata vile viwanda vya mjini Bukoba, hubaki vilima vya maganda meusi ambayo mengi huchomwa moto au huachwa yaoze. Ndani ya maganda hayo mna tanini nyingi, yaani ule ukali unaokaza ulimi mtu atafunapo ganda au ndizi mbichi, na tanini ndiyo mama wa rangi za kahawia na kijivu ulimwenguni kote. Watu wa pwani waliipata katika magome ya mkandaa, nasi Mungu ametupa ya kwetu katika kahawa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mwenye banda alizingatie kuliko yote nitakayosema. Uyoga hula tanini hiyo. Utando wake mweupe, unapoenea ndani ya mfuko, hutoa vimeng'enya vinavyovunjavunja ukali wa ganda, pamoja na ile kafeini yake na ule ugumu wa mti uliomo, na hiyo ndiyo sababu uyoga waweza kuishi mahali ambapo mnyama akilishwa angedhoofika. Kwa hiyo ganda lililokwisha kulisha mikupuo mitatu lina rangi kidogo kuliko ganda jipya, na anayengoja mwisho wa kazi ndipo aanze kutafuta rangi amechelewa. Rangi iliyo bora kuliko zote katika banda la uyoga ipo mwanzo, katika maji yale ya hudhurungi iliyoiva yanayobaki ndani ya pipa baada ya kuchemsha maganda ya kahawa kabla ya kupanda mbegu. Maji hayo humwagwa mtaroni kila mara. Kuni zimekwisha kuungua, jasho limekwisha kutoka, na mtu huimwaga rangi iliyokwisha kupikwa kwa muda wa saa nzima, kisha jirani yake hununua pakiti ya rangi ya unga dukani.

Nasema basi kwa mkazo: mwenye kuchemsha vimeng'enywa vyake kwa maji, badala ya kuvifukiza kwa mvuke, aanze na maji hayo. Ayachuje kwa kitambaa yangali ya moto, ayatie katika ndoo za plastiki zenye vifuniko, na ayatumie kabla ya siku mbili au tatu kupita, maana yakikaa zaidi huchacha na kuota ukungu. Maji yaliyochemshia majani ya migomba nayo yafaa, ingawa ni mepesi na hutoa rangi ya mchanga. Majirani zetu wa Rwanda walikwenda mbali zaidi, wakachemsha ua la mgomba na kupata weusi wa kutilia nyuzi za vikapu vyao mashuhuri. Anayechanganya maganda ya kahawa na majani ya migomba katika pipa moja atapata kitu cha katikati, na mimi naona mchanganyiko huo ni mzuri kwa uyoga na kwa rangi pia.

Taka ya pili ni vitako vya uyoga, yaani vile vishina vigumu vinavyokatwa kabla ya kufungasha, pamoja na uyoga uliopitiwa na wakati ukakunjamana usiweze kuuzwa. Hivi peke yake hutoa rangi hafifu sana, nyeupe ya maziwa iliyoingia umanjano kidogo, ambayo ikiguswa na chuma hugeuka kijivu cha njiwa. Kijivu hicho ni kizuri mno juu ya kitambaa chembamba, na watu wa miji mikubwa hukipenda. Lakini kinataka vitako vingi. Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90, kwa hiyo kilo 10 za vitako vibichi zikianikwa hubaki kilo 1 hivi, na hiyo kilo 1 kavu ndiyo ya kutia rangi kilo 1 ya kitambaa. Mkulima mmoja mwenye banda dogo hawezi kukusanya kiasi hicho upesi. Kikundi cha wakulima kumi kinaweza, maadamu kila mmoja anakausha vya kwake vizuri. Na kukausha ndiyo taabu yetu. Mji wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na katika miezi ya masika, kama ile ya vuli ambayo watoto hukesha wakikamata senene, kitu chenye unyevu huoza kabla jua halijakiona. Juni hata Agosti anika juani. Miezi mingine kausha juu ya dari la jikoni palipo na joto, au pika vitako siku ile ile vilipokatwa.

Taka ya tatu ndiyo mifuko iliyochoka. Hii ni nyingi kupita kiasi, kwani hukadiriwa kuwa kila kilo 1 ya uyoga huacha nyuma yake kilo 5 hivi za vimeng'enywa vilivyotumika. Rangi yake ni kahawia iliyopoa, tulivu, isiyopiga kelele, nayo hupatikana ikiwa fundi atazidisha kipimo: kilo 2 kavu, au hata 3, kwa kila kilo 1 ya kitambaa. Mfuko wenye madoa ya kijani kibichi usitumiwe, maana hiyo ni kuvu nyingine iliyoingia, yenye vumbi baya kwa mapafu. Hata vumbi la mamama mwenyewe, lile jeupe linaloonekana kama moshi asubuhi bandani, huwaletea watu wengine kikohozi na homa wakilivuta kila siku, hivyo atakayefungua mifuko mikavu na kuisaga kwa mkono afunge pua na mdomo kwa kitambaa kilicholowa kidogo, na kazi hiyo aifanyie nje palipo na upepo.

Sasa habari ya kitambaa. Walio wengi huikimbilia sufuria ya rangi, na rangi ikitoka katika ufuaji wa kwanza huilaumu sufuria, ilhali kosa li katika kitambaa kisichotayarishwa. Sufu na hariri hushika rangi kwa urahisi, lakini sisi hatuna desturi ya hizo. Chetu ni pamba, yaani marekani ya dukani isiyopaushwa, na ukili, na nyuzi za mgomba, na wale wanaohifadhi ufundi wa wazee wanayo lubugo, nguo ya gome ambayo Wahaya waliivaa kabla ya pamba kuenea, na ambayo ufundi wake kwa upande wa Buganda umeingizwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Lubugo ina wekundu wake wa asili wa udongo. Nisingeipika kamwe katika maji ya moto, bali ningeipaka rangi kwa brashi, au ningeiacha kama ilivyo.

Marekani ikitoka dukani imejaa dondo, na dondo huzuia rangi isipenye. Ichemshwe kwa sabuni na magadi kidogo kwa muda wa saa moja, maji yatoke manjano, yamwagwe, na ichemshwe tena ikiwa bado maji hayajawa meupe. Baada ya hapo pamba yataka vitu viwili kwa mfuatano, kwanza tanini, kisha shabu. Tanini yaweza kuwa yale yale maji ya maganda ya kahawa tuliyoyasifu, au maji yaliyochemshiwa majani ya mpera, kitambaa kikilala ndani yake usiku mmoja. Asubuhi kikamuliwe bila kusuuzwa, kisha kiingizwe katika maji ya moto yaliyoyeyushiwa shabu gramu 150 kwa kila kilo 1 ya kitambaa kikavu, na magadi gramu 25 yaliyotiwa polepole kwa kuwa yatafura povu; kilale humo usiku wa pili. Shabu yenyewe ni yale yale mawe meupe yauzwayo sokoni kwa kusafishia maji, na bei yake haitishi. Asiyekuwa na mizani ya jikoni akaazime kwa muuza dagaa, kwani kukisia shabu kwa kiganja ni kujitafutia rangi tofauti kila juma.

Maji nayo ni dawa, ijapokuwa hayahesabiwi. Maji ya mvua ndiyo laini kuliko yote, nasi tunayo kwa wingi. Walakini tahadhari na paa. Mabati yaliyoota kutu huyatia maji chuma kidogo, na chuma kidogo hicho, kikikutana na tanini, hukigeuza kitambaa kijivu kabla fundi hajataka kijivu. Niliwahi kumsikia fundi akilalamika kwamba rangi yake ya mchanga imerogwa, na dawa ya uchawi huo ikawa kuhamisha pipa kutoka chini ya bati kuukuu na kuliweka chini ya bati jipya.

Kupika rangi ya mifuko iliyochoka kwafuata utaratibu huu. Loweka kilo 2 za vimeng'enywa vikavu katika lita 25 za maji tangu jioni. Asubuhi tia moto mdogo, maji yapate joto la kutoa mvuke bila kuchemka, kwa saa moja na nusu, kisha chuja kwa kitambaa kizito na ukamue mabaki barabara. Kilichobaki kitambaani, kwa kuwa hakijaguswa na shabu wala chuma, kipelekwe moja kwa moja kibanjani; nimepanga kazi kwa namna hii makusudi, dawa itiwe katika nguo peke yake na taka ibaki safi kwa ajili ya mgomba. Maji yaliyochujwa yarudishwe motoni, kitambaa kilicholowa kiingizwe, kigeuzwe mara kwa mara ili kisipate madoa, kwa muda wa saa moja, kisha moto uondolewe na kila kitu kiachwe mpaka kesho yake. Sufuria iwe ya chuma cha pua au ya udongo uliochomwa vizuri, nayo isipikiwe chakula tena maisha yake yote. Kwa maji ya maganda mapya ya kahawa, utaratibu ni huo huo isipokuwa hatua ya kupika taka haipo, maana imekwisha kufanyika.

Itakuwa vyema pia kufikiri juu ya kuni. Kukata mti ili kupata kahawia hafifu ni biashara mbovu kwa nchi na kwa mfuko wa mtu. Anayetaka kujaribu kwa gharama ndogo atumie jua: chombo cheusi chenye kifuniko cha kioo au nailoni nyeupe, kitambaa na maji ya rangi ndani yake, kikae uani siku nne au tano za kiangazi. Rangi itakuwa nyepesi kidogo kuliko ya moto, lakini imeingia sawasawa, na kwa ukili naiona kuwa njia bora, kwa sababu ukili ukipikwa sana hulegea na kupoteza ule ukakamavu wa kusukia.

Kitambaa kikitoka hapo kina rangi ya mchanga au ya chai yenye maziwa. Wengi wataridhika nayo. Atakayetaka kijivu, au ile rangi ya majivu yenye kivuli cha kijani, au ya mawe yaliyonyeshewa, sharti amwite chuma, na hapa ndipo ninapofurahi kuandika juu ya nchi hii kuliko nyingine yoyote. Katuruka, karibu na Maruku, na kule Kemondo kandokando ya ziwa, wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Peter Schmidt walichimbua katika miaka ya 1970 mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita, na mwaka 1978 habari za ustadi wa wahunzi hao zilichapishwa katika jarida la sayansi la Marekani zikasomwa dunia nzima. Kizazi cha wahunzi wale hakina haja ya kununua chumvi ya chuma iliyofungwa kwenye chupa kutoka ng'ambo. Okota misumari iliyopinda na vipande vya panga kuukuu, vitie katika mtungi pamoja na lubisi, yaani pombe ya ndizi, iliyochacha mpaka ikawa siki kali, uache mdomo wa mtungi ufunikwe kwa kitambaa ili upumue, na baada ya wiki mbili utakuwa na maji ya rangi ya chungwa iliyokolea yenye harufu ya damu. Hayo ndiyo maji ya chuma. Kikombe kimoja katika ndoo ya lita 10 ya maji baridi kinatosha kuanzia. Chovya kipande cha majaribio, hesabu dakika mbili, kitoe, kitazame hewani. Kitageuka mbele ya macho yako. Kikiwa hakijafika unapotaka, rudisha. Lakini usizidishe, kwa sababu chuma kingi hula pamba taratibu, na nguo iliyopendeza mwaka huu itachanika mwakani penye mikunjo. Baada ya chuma, suuza mara tatu kwa maji mengi, anika kivulini, na usifue kwa sabuni mpaka juma moja lipite. Mtungi wenyewe ukae juu, mbali na watoto.

Magadi yana kazi yake pia. Kitambaa kilichotoka katika rangi ya kahawa kikichovywa katika maji yenye kijiko kidogo cha magadi huzidi wekundu na kukolea, na hivyo kutoka sufuria moja ya maji yaliyokuwa yakimwagwa mtaroni fundi hupata mchanga, hudhurungi na kijivu, rangi tatu zinazokaa pamoja bila ugomvi katika mkeka mmoja au shuka moja.

Rangi hizi zajaribiwaje? Kata kipande, funika nusu yake kwa karatasi nene, kiweke dirishani penye jua kwa wiki mbili, kisha funua. Rangi za tanini zilizoshikwa kwa shabu na chuma aghalabu hustahimili. Ile nyeupe ya vitako visivyotiwa chuma hupauka, na fundi asiiuze kwa mapazia. Fua kipande kingine mara tano kwa sabuni ya mche. Kinachobaki baada ya hapo ndicho unachoweza kumwambia mteja kwa kinywa kipana.

Nisiache kusema juu ya kazi nyingine ya mifuko iliyochoka, ambayo kwa maoni yangu huenda ikawa na thamani kuliko rangi yake. Wapo mjini Bukoba na vijijini Muleba mafundi wa batiki wanaotumia rangi za unga za kiwandani, na maji yao machafu, mekundu na ya samawati, huishia mitaroni na mwisho wake ziwani. Uyoga wa mamama una kimeng'enya kiitwacho lakesi, kile kile kinachovunja ugumu wa mti, ambacho wanasayansi wa nchi nyingi wamethibitisha kuwa huvunja pia rangi nyingi za kiwandani. Nacho kingali hai katika mfuko uliotoka bandani karibuni, wenye unyevu, usiokaushwa. Pipa lililojazwa vimeng'enywa hivyo juu ya mchanga na kokoto, likamiminiwa maji ya batiki yaliyopoa na yakaachwa humo siku kadhaa badala ya kupita mbio, hupunguza rangi kwa kiasi kinachoonekana. Hadhari mbili: kutoweka kwa rangi si kuwa maji yamekuwa salama, hivyo yamwagwe mbali na kisima, bustani na ufuo, na vimeng'enywa vilivyofanya kazi hiyo visirudi kibanjani abadan, bali vichimbiwe shimo lake. Mwenye kikundi atenge mapipa mawili yenye alama, moja la taka safi na moja la taka ya batiki, na asimwachie mtoto wala kibarua kazi ya kukisia.

Na kwa kuwa nimetaja kibanja, kuna ugonjwa ambao lazima niuonye. Mnyauko wa bakteria wa migomba uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania mwaka 2006, katika wilaya hii hii ya Muleba, na kila mwenye kibanja anaijua hasara yake. Majani ya kuoteshea uyoga yasichukuliwe katika kibanja kilichoguswa na ugonjwa, hata yakionekana makavu na mazima, wala panga lililokata huko lisikate kwingine kabla ya kupitishwa motoni. Tena majani ya mgomba ni matandazo kabla hayajawa kitu kingine; anayeuvua mgomba wake nguo ili alishe uyoga atalipa kwa ndizi. Ndiyo sababu napendelea maganda ya kahawa yawe msingi, na majani yawe ya kujazia. Wengine watauliza juu ya magugumaji, ambayo yalishuka na Mto Kagera yakaenea Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambayo Profesa Keto Mshigeni, mtaalamu wetu wa mimea ya bahari, alikuwa miongoni mwa waliohimiza yaoteshewe uyoga. Yanaota uyoga, naam. Lakini hunyonya madini mabaya yaliyomo majini, kwa hiyo yasivunwe karibu na mitaro ya mji, na kwa rangi hayana msaada mkubwa.

Yabaki maneno machache ya soko. Bidhaa hizi haziwezi kushindana na kitenge cha kiwandani kwa bei wala kwa ukali wa rangi, na fundi asijaribu. Mnunuzi wake ni yule anayetaka kujua kitu kimetoka wapi: mgeni anayepita Bukoba kuelekea mbugani, mwenye hoteli anayetaka vitambaa vya meza, Mhaya aishiye Dar es Salaam au ng'ambo anayetaka kitu cha nyumbani. Kwa mtu huyo kadi ndogo yenye maneno ya kweli ina uzito: maganda ya kahawa ya Kamachumu, chuma, shabu. Isiandikwe kuwa ni rangi ya uyoga ikiwa nguvu yake yote imetoka katika ganda la kahawa. Iandikwe kuwa imetoka katika banda la uyoga, maana hivyo ndivyo ilivyo, na habari hiyo inatosha kumpendeza.

Kila sufuria iwe na ukurasa wake katika daftari, wenye kipande cha kitambaa kilichobandikwa, uzito wa taka, chanzo cha maji, gramu za shabu, dakika za chuma na tarehe. Hata hivyo maganda ya msimu huu hayatalingana kamili na ya msimu ujao. Mteja akitaka vitambaa 10 vya rangi moja, vitayarishwe pamoja na vipikwe katika sufuria moja siku moja. Na akitaka nyongeza baada ya miezi mitatu, aonyeshwe kwanza kipande cha sufuria mpya kando ya kile cha daftarini, akubali au akatae, kabla hajatoa fedha yake.